Kopi ya kitabu "mwisho asilimia 10": hii sheria imetoka wapi?

#1 Kitini_cha_Jana
Wakuu, salama? Niko Moshi, nafundisha chuoni mwaka wa tatu sasa (bado ni msaidizi, msinipandishe cheo).

Juzi nimepeleka kazi steshenari inayotazamana na geti letu. Vitabu vitatu, sura moja moja. Nilitaka kopi moja tu ya kumwachia CR (kiongozi wa darasa), darasa la watu 140 wakatoe zao hapohapo. Kijana wa mashine, ambaye tangu nianze kazi hajawahi kuniuliza hata jina, akanirudishia kimoja. "Mwalimu, hiki hapana. Siku hizi ni asilimia kumi tu." Nikadhani utani. Akanyoosha kidole ukutani, kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu: HATUTOI KOPI YA KITABU KIZIMA. MWISHO 10%.

Nikapiga hesabu palepale. Kitabu kina kurasa 312, kwa hiyo naruhusiwa 31. Sura ninayoitaka ina kurasa 38. Sasa niwape wanafunzi sura iliyokatwa miguu?

Nimeuliza ofisini. Kila mtu anaijua hiyo asilimia kumi, hakuna anayejua aliitoa wapi. Mwenye kifungu cha sheria anisaidie.

#2 Chalii_wa_Sakina
Nimewahi siti ya mbele. Watu wa Moshi hata kopi mnabaniana.

#3 Mama_Wawili_Njiro
Ipo kwenye sheria ya hakimiliki. Nilipokuwa nasoma diploma hapa Arusha tuliambiwa kabisa darasani. Ukizidisha hapo ni wizi kama wizi mwingine.

#4 Wakili_wa_Baraza
Kifungu cha ngapi, dada?

#5 Mama_Wawili_Njiro
Kifungu sina. Ila tuliambiwa.

#6 Wakili_wa_Baraza
Ndiyo ilivyo, kila mtu "aliambiwa".

Sheria yetu ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, Sura ya 218. Mambo unayoweza kufanya na kazi ya mtu bila kumwomba yako kifungu cha 12. Nimekisoma mara nyingi kuliko Zaburi, na sijakutana na asilimia humo, iwe kumi, tano au ishirini. Kuhusu kufundishia, kinaruhusu kutumia kazi ya mtu kama kielelezo, kwa kiasi kinachohitajika kwa lengo hilo, kwa namna ya haki, na UTAJE chanzo na jina la mwandishi. Maneno hayo hatukuyatunga sisi. Ni ndugu wa yale yaliyomo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ibara ya 10, ambao Tanzania ni mwanachama tangu 1994.

Kwa hiyo mleta uzi, kurasa zako 38 hazikatazwi na namba. Swali ni kama unazihitaji zote kufundishia, au umeona uvivu wa kuchagua.

#7 Kitini_cha_Jana
Wakili umenichoma, lakini asante. Nazihitaji zote. Labda kurasa mbili za mwanzo za kumshukuru mke wake ndiyo naweza kuziacha.

#8 Chalii_wa_Sakina
"Kwa namna ya haki." Sheria nayo inaongea kama mzee wa ukoo. Haki kwa nani?

#9 Bibi_Maktaba
Wanangu, hebu niwape chanzo cha hiyo namba. Nilifanya kazi maktaba ya chuo miaka mingi kabla sijastaafu. Mashine yetu ya kwanza ya fotokopi ilikuja na shehena ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, na humo ndani kulikuwa na bango la kubandika juu ya mashine. Bango lilisema asilimia kumi. Bosi akanipa nilitafsiri, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, likakaa ukutani mpaka likawa rangi ya chai. Vyuo vingine walikuja kututembelea, wakanakili bango. Naona mpaka leo linatembea. Kwa hiyo sheria mnayoitafuta huenda ni mwandiko wangu mimi.

#10 Chalii_wa_Sakina
Bibi shikamoo. Kumbe uzi mzima mtuhumiwa ni wewe 😂

#11 Bibi_Maktaba
Marahaba. Sikimbii.

#12 Mdudu_wa_Vitabu
Bibi yuko karibu na ukweli kuliko mnavyodhani. Nadhani namba hiyo ni ya Marekani. Mwaka 1976 walipoandika upya sheria yao ya hakimiliki, waalimu na wachapishaji walikaa wakakubaliana mwongozo wa kopi za darasani. Dondoo la nathari lisizidi maneno 1,000 au asilimia 10 ya kazi, KIDOGO KATI YA HIVYO VIWILI. Huo ni mwongozo, sio sheria. Watu wakaibeba asilimia wakayatupa maneno elfu moja. Ukifuata mwongozo wenyewe, kurasa 31 za Kitini ni nyingi mno, angeishia ukurasa wa tatu.

#13 Nesi_Mtarajiwa
Ukurasa wa tatu kwenye vitabu vyetu bado anamshukuru mke.

#14 Tengeru_Fundi
Mdudu, nakuongezea. Kuna kesi ya Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta. Wachapishaji watatu wakubwa, Oxford na Cambridge wakiwemo, walikishtaki mwaka 2008 kwa sababu waalimu walikuwa wanapandisha sura za vitabu mtandaoni kwa wanafunzi. Jaji mwaka 2012 akaweka kipimo: kitabu chenye sura chini ya kumi, asilimia 10, chenye sura kumi na kuendelea, sura moja. Katika madai yote aliyopelekewa alikuta makosa matano tu. Kwa hiyo asilimia kumi imewahi kutamkwa na mahakama.

#15 Mdudu_wa_Vitabu
Malizia na kilichofuata, ndugu yangu. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikamwambia jaji hapana, huwezi kupima kwa rula moja, angalia kila kitabu na kila matumizi. Kesi ikazunguka mpaka 2020. Miaka 12 kwa ajili ya sura za kusomea.

#16 Tengeru_Fundi
Hapo kwenye rufaa nakubali, nilisoma nusu.

#17 Wakili_wa_Baraza
Alisoma asilimia kumi.

#18 Kijana_wa_Uingereza_Zamani
Na Uingereza ni asilimia 5 ya kazi ndani ya miezi 12 kwa taasisi ya elimu, kama hakuna leseni inayokupa zaidi. Hiyo wameiandika kwenye sheria kabisa, tangu 2014. Nilisoma kule, mkutubi alikuwa anatuhesabia kurasa kama karani wa mnada wa kahawa. Kila mtu ana namba yake, sisi tumeokota moja njiani.

#19 MangiKopi
Naona mnazunguka mbuyu. Mimi nina steshenari Moshi (sio ile ya mleta uzi, asije akanitafuta). Hilo tangazo hata mimi ninalo, na niwaambie linafanya kazi gani.

Mwanafunzi anakuja na kitabu kizima kurasa 400, anataka kwa bei ya jumla, sh. 50 kwa ukurasa. Kitabu kinene hakikai vizuri kwenye kioo, lazima ukikandamize kwa kiganja, kifuniko kinalegea, ukurasa unatoka na kivuli cheusi katikati, halafu anakwambia "Mangi hii haisomeki, rudia". Saa nzima imeisha. Nyuma yake kuna mama anataka kopi mbili za kitambulisho za sh. 200, anaona foleni anaondoka. Ukimwambia mwanafunzi "sitaki kazi yako", anakutangaza kwenye grupu. Ukimwambia "sheria hairuhusu", anakuelewa na soda anakununulia.

Hiyo ndiyo asilimia kumi. Mambo ya Atlanta mimi siyajui.

#20 Chalii_wa_Sakina
Jibu bora la uzi. Wakili kunja joho.

#21 Wakili_wa_Baraza
Sikunji. Sababu yake ni ya biashara, na mtu anaweza kufanya jambo sahihi kwa sababu isiyohusika. Mangi akitoa kopi za kitabu kizima, anazirundika mezani na kuziuza, hiyo siyo kufundishia tena, ni kuchapisha bila ruhusa. Marekani kampuni ya kopi iitwayo Kinko's ilijitetea kwamba makabrasha iliyokuwa inawauzia wanafunzi ni ya masomo. Mwaka 1991 ikashindwa, fidia dola 510,000.

#22 Nesi_Mtarajiwa
Mangi, anza kuuza kihamba, shamba la babu.

#23 MangiKopi
Kihamba hakiuzwi, meku.

#24 Ngarenaro_Mmoja
Wakili anawatisha kwa Marekani. Mbona hasemi ya India? Duka dogo la kopi ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, Rameshwari, lilishtakiwa 2012 na hao hao Oxford, Cambridge na mwenzao Taylor & Francis. Lilikuwa linatengeneza makabrasha ya sura kutoka vitabu tofauti kulingana na mtaala, yaani kazi ileile ya Kitini. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikasema ni halali, sheria yao inaruhusu kunakili katika ufundishaji, na hakimiliki si haki iliyoshuka kutoka mbinguni. Duka likashinda.

#25 Wakili_wa_Baraza
Nilikuwa nasubiri mtu aitaje. Ila duka halikushinda moja kwa moja hapo. Desemba 2016 majaji wa rufaa walikubaliana na msingi ule, lakini wakarudisha sehemu ya kesi isikilizwe, kuangalia kama yaliyonakiliwa kweli yalihitajika kwa kozi. Machi 2017 wachapishaji wakajiondoa wenyewe. Na sheria ya India ina maneno yake, ya kwetu ina ya kwetu. Jaji wa Moshi anaweza kuisoma hukumu ya Delhi akashawishika, halazimiki kuifuata.

#26 Mama_Wawili_Njiro
Kwa hiyo Marekani duka lilishindwa, India duka halikushindwa, Uingereza asilimia tano, Bibi alitafsiri bango na Mangi anakimbia foleni. Na mimi niliambiwa. Endeleeni.

#27 Sapu_Mbili
Mimi ni mwanafunzi, Arusha, chuo sitaji. Mnajadili upande wa waalimu kama malaika. Leka (mhadhiri) wetu anauza kitini sh. 7,000. Hununui, jina lako haliendi kwenye orodha ya waliochukua kitini, na orodha hiyo ina miujiza yake siku ya matokeo. Ukurasa wa kwanza ameandika jina lake kwa herufi kubwa na "HAKI ZOTE ZIMEHIFADHIWA".

Tukafika mada ya nne, mfano wa kukokotoa gharama. Duka linauza makoleo ya kuondolea theluji. Chicago. Dola. Amebadilisha jina la mwenye duka tu, kamwita Bwana Juma. Bwana Juma anauza makoleo ya theluji Chicago.

#28 Chalii_wa_Sakina
Nimeanguka kitandani. Labda tawi lake liko Kibo.

#29 Kitini_cha_Jana
Kwa jina langu hili naomba ieleweke sio mimi. Vitini vyangu ni bure.

#30 Mzee_Kalamu_Kavu
Nimesoma kimya mpaka hapa, sasa nivumilieni.

Nimeandika kitabu kimoja cha kiada maishani mwangu. Kilinichukua miaka minne ya usiku, taa ya chemli, mke wangu shahidi. Mirabaha ya mwaka wa kwanza ilitosha mabati ya jiko. Mwaka wa pili nikanunua mbuzi. Mwaka wa tatu mchapishaji akanipigia akasema mauzo yameshuka, pengine mtaala umebadilika. Mtaala haukubadilika. Nilienda kumtembelea mjukuu bwenini nikakuta kitabu changu mezani kwake, kimefungwa kwa springi, jalada la plastiki la bluu. Nikamuuliza darasa zima wanacho? Akasema "ndiyo babu, kizuri sana". Nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Msinihesabie asilimia. Oxford haitalala njaa kwa kurasa 38 za Moshi. Lakini mkishazoea kwa Oxford, mkono hauchagui.

#31 Nesi_Mtarajiwa
Pole sana babu.

Ila mwangalie na upande wetu. Kitabu cha mwaka wa kwanza cha anatomia toleo jipya ni laki na themanini mpaka mbili na nusu, ukikipata. Bumu (hela ya mkopo wa chuo) likiingia lina kodi ya chumba, chakula na deni la Mangi. Sisi hatutoi hata kopi siku hizi, ni PDF kutoka Telegram, nyingine toleo la zamani, nyingine kurasa zimepinda. Kuna rafiki yangu alisoma dozi kwenye toleo la kale, daktari kwenye raundi akamuuliza "hiyo umeitoa kwenye agano gani?"

#32 Tengeru_Fundi
Research4Life je? Vyuo vya nchi kama yetu vinapata majarida na vitabu vya afya, kilimo na mengine bure au kwa bei ndogo. Ya afya, Hinari, ipo tangu 2002. Mwambie mkutubi akupe namba ya siri.

#33 Nesi_Mtarajiwa
Namba ya siri ipo. Mtandao wa chuo ndio haupo. Na ukitaka kufungua nyumbani, bando.

#34 Bibi_Maktaba
Wengi hawaji hata kuuliza, mwanangu. Nilikuwa nakaa na hiyo namba ya siri kama mganga asiye na wateja.

Kitini, jambo moja la vitendo. Kitu kikiwa mtandaoni na maktaba yenu inakifikia kihalali, wape wanafunzi kiungo, usiwape faili. Kiungo si kopi.

#35 Mdudu_wa_Vitabu
Na kuna vitabu vyenye leseni huria. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice inatoa vya mwaka wa kwanza tangu 2012: fizikia, biolojia, uchumi, uhasibu. Vingi vyake unanakili, unagawa, hata unabadilisha mifano, mradi umtaje mwandishi na uangalie leseni ya kila kimoja. Yule leka wa #27 angechukua huko asingekuwa na haja ya kumficha Bwana Juma.

#36 Ngarenaro_Mmoja
Uhasibu wa huko unafundisha kodi za Marekani. Mimi nafundisha kodi za TRA. Vya bure vipo, vinavyotufaa ndiyo shida. Na cha Kiswahili nionyesheni kimoja.

#37 Mdudu_wa_Vitabu
Hapo sina jibu.

#38 Mwalimu_wa_Fasihi
Naingilia kwa upande wa Kiswahili. Shaaban Robert alifariki 1962. Sheria yetu inalinda kazi miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, inahesabiwa mpaka mwisho wa mwaka. Kwa hiyo tangu 2013 mashairi yake nanakili darasa zima, asilimia mia. Mnyampala alifariki 1969, naye tangu 2020. Kezilahabi alifariki Januari 2020, huyo mtasubiri mpaka 2071.

#39 Wakili_wa_Baraza
Hesabu nzuri. Ila toleo jipya lenye utangulizi, maelezo ya chini na michoro ya mtu aliye hai, hivyo vina mwenyewe. Nakili shairi, usinakili maelezo ya mhariri.

#40 Mwalimu_wa_Fasihi
Maelezo ya mhariri ndiyo wanafunzi wanayotaka. Shairi hawaligusi.

#41 Pasua_Kwa_Mbele
Samahani, natoka kidogo. Kaka yangu ni asiyeona, anasoma shahada. Yeye kitabu chote lazima kiingizwe kwenye kompyuta kimsomee kwa sauti. Naye ni asilimia kumi?

#42 Wakili_wa_Baraza
Hapana, na swali lako ni zuri kuliko yetu yote. Kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013 kwa ajili ya wasioona na wenye shida ya kusoma maandishi ya kawaida. Tanzania ilijiunga 2020. Lengo lake ni kitabu KIZIMA kigeuzwe nukta nundu, sauti au maandishi ya kompyuta bila kumwomba mwenye haki, na hata kivuke mpaka kutoka nchi mwanachama nyingine. Chuo chake kiulizwe wana utaratibu gani, asikubali kujibiwa kwa bango.

#43 Pasua_Kwa_Mbele
Asante sana. Jumatatu naenda naye.

#44 Mama_Wawili_Njiro
Na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasemaje kuhusu hayo yote? Si ndio wenye mambo haya?

#45 Chalii_wa_Sakina
Mimi nawasikia kwenye muziki tu. Halafu baa ya jirani hapa Sakina inapiga nyimbo usiku kucha, hakuna anayehesabu asilimia.

#46 Ngarenaro_Mmoja
Baa ipi? Ile yenye nyama?

#47 Chalii_wa_Sakina
Ile ile. Mbuzi wao hajawahi kuniangusha.

#48 Mzee_Kalamu_Kavu
Mbuzi wangu wa mirabaha alikufa kwa ugonjwa, mkitaka kujua.

#49 Kitini_cha_Jana
Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimeenda kwa yule kijana na maneno ya Wakili, kifungu cha 12 nimekichapa kabisa. Amekisoma taratibu, akaniambia "Mwalimu, sawa, lakini bosi kasema kumi." Tumekubaliana hivi: jana katoa kurasa 31, leo katoa 7. Ni siku mbili tofauti, kwa hiyo bango halijavunjwa. CR amechukua, darasa lote linazo tangu saa nane.

#50 MangiKopi
Huyo kijana ana akili, namtaka kwangu.

#51 Wakili_wa_Baraza
Kitini, swali moja. Kwenye hizo kopi, jina la mwandishi na la kitabu lipo? Sura ikitolewa katikati ya kitabu mara nyingi halipo popote.

#52 Kitini_cha_Jana
…

Kurasa zina namba tu juu. Jina lipo kwenye jalada, na jalada sikulitoa kopi.

#53 Wakili_wa_Baraza
Basi lile sharti moja ambalo sheria inalitaja wazi ndilo ulilolisahau.

#54 Mzee_Kalamu_Kavu
Naomba lipigwe muhuri.

#55 Kitini_cha_Jana
Nampigia CR sasa hivi. Ukurasa mmoja wa jalada mara wanafunzi 140, kwa sh. 50, ni 7,000. Wanauliza nani analipa.

#56 Sapu_Mbili
7,000? Bei ya kitini kamili cha Bwana Juma hiyo. Lipa leka.